Meli Iliyovishwa Reli

Mkokoteni wa kwanza uliingia kwenye karakana ya meli Alhamisi mchana, ng'ombe wanne mbele na askari mmoja juu akitafuna tumbaku. Isham aliacha keekee yake ya kutobolea akaenda kukitazama chuma kilichongojwa tangu kiangazi. Kila mtu alijua kitakuwaje, maana Mhandisi Lathrop alikwisha kuwaeleza mpaka wakachoka: mabamba mapana kutoka Richmond, unene wa inchi mbili, manyoofu, tayari kwa kupigwa boliti. Kilichoteremshwa pale hakikuwa mabamba. Zilikuwa reli za treni, kuukuu, zenye kutu ubavuni na mng'aro juu pale magurudumu yalipozoea kupita.

Isham aliinama ashike ncha ya reli moja awasaidie kushusha, na hapo akaiona alama. Misalaba miwili ya patasi, ule wa pili umepinda kidogo. Alama ile aliichonga mwenyewe miaka sita nyuma, kwenye reli yenye ufa, maili ya tatu kutoka mjini, ili kila mtu wa zamu aiangalie kwa makini.

"Hizi mmezitoa wapi?" akamuuliza askari, hata "bwana" akasahau kulitaja.

"Njia ya Sessoms. Tumeanza kung'oa jana." Askari akatema tumbaku. "Kwani vipi, wewe ndiye mwenye kampuni?"

Watu wakaangua kicheko. Isham alibaki ameinama vilevile, mkono juu ya chuma, mpaka mwenzake Bristow akamvuta shati.

Isham alikuwa mtumwa, mali ya mjane Tunstall, na mjane Tunstall hakuwa na shamba. Alikuwa na watu tisa, na aliwakodisha huku na huku kama wengine wanavyokodisha farasi. Alikuwa mama mcha Mungu, hakukosa kanisa wala kodi. Isham alipokuwa kijana, mjane alimkodisha kwa mhunzi, akajifunza kazi ya moto. Kisha akamkodisha kwa watu wa reli, akakaa nao miaka tisa, akigongomea misumari kwenye mataruma, zile mbao za chini ya reli, akibadilisha reli zilizokwisha, mpaka akaijua njia ile yote ilivyopinda na ilivyozama. Vita vya Kaskazini na Kusini ya Marekani vilipoanza na serikali ya Kusini ikataka meli za chuma kwenye kila mto wa North Carolina, mjane akamhamishia karakanani. Waliomuona mtoni walisema hana maneno mengi. Kweli hakuwa nayo. Yote alimwekea Zilpha.

Zilpha alikuwa mke wake, na alikuwa mali ya Bwana Sessoms, maili arobaini juu ya reli. Ndoa za namna hiyo zilikuwa nyingi huko, mume kwa bwana huyu, mke kwa bwana yule, na cheti cha ruhusa cha Jumamosi katikati. Kila Jumamosi baada ya kazi Isham alichukua cheti chake, akapanda treni iliyokuwa na injini moja tu, nayo waliiita Malkia Esta. Dereva hakumdai nauli. Alimdai achochee moto njia nzima. Basi alifika kwa mkewe mweusi kwa masizi, akala mkate wa mahindi na nyama ya nguruwe, akalala, akarudi Jumapili jioni. Miaka saba walikwenda hivyo.

Na Jumamosi iliyokuwa ikija haikuwa Jumamosi ya kula mkate. Mara ya mwisho Zilpha alikuwa amemnong'oneza kwamba Sessoms ameogopa. Wanajeshi wa Kaskazini walikwisha kushika pwani, na bwana wake alikuwa amepanga kuwahamisha watu wake wote hadi Texas, mbali ambako hakuna mkono wa kuwafikia. Treni imekwisha kuagizwa kwa Jumatatu, baada ya kuchinja nguruwe. Kwa hiyo Jumamosi, mtu na mkewe wangeingia kinamasini, washuke taratibu mpaka pwani, liwalo na liwe. Zilpha angemngoja kwenye mti ulioanguka, nyuma ya stesheni. Leo ilikuwa Alhamisi, na njia ya kwenda kwa Zilpha ilikuwa imelala chini mbele yake vipande vipande, ikingoja kutobolewa.

Alimwendea Mhandisi Lathrop kofia mkononi.

"Bwana Mhandisi, naomba cheti niende kwa miguu."

"Maili arobaini?" Lathrop hakuinua macho kwenye michoro yake. Alikuwa mtu wa viwanda vya mbao, hajapata kujenga hata ngalawa, lakini serikali ilimwita mhandisi naye akaitikia. "Mbwa wa doria watakurarua kabla hujauona mto wa pili. Halafu nani atatoboa?"

"Mke wangu, bwana..."

"Mkeo hawezi kutoboa. Rudi kazini, Isham. Vita vikiisha tutawajengeeni njia mpya, ya chuma bora."

Basi akarudi. Jumamosi ilifika akiwa anatoboa, Jumatatu ikafika akiwa anatoboa. Kila reli ilitaka matundu ya kupitisha boliti, na kila tundu lilitaka watu wawili, mmoja akandamize, mmoja azungushe. Bristow, mtu wa misitu ya kugema utomvu wa misonobari, mwenye domo lisilojua mapumziko ya Jumapili, ndiye aliyezungusha.

"Kaka, ukiendelea kulikodolea macho hivyo, hilo tundu litaona haya."

"Hii ndiyo njia ya kwa Zilpha."

"Ipi?"

"Hii unayoitoboa."

Bristow akaacha kuzungusha. "We! Kweli?"

"Leo ndiyo wanapakiwa. Sasa hivi. Wanapelekwa Texas, Bristow, na mimi nimeshika keekee."

Isham alilia waziwazi mbele ya kundi zima, machozi yakadondokea chuma cha moto yakakauka hapohapo, na hakuna aliyemtania.

Meli ikaendelea kukua, maana meli haina habari na kilio cha mtu. Ilikuwa na sakafu bapa na pana. Juu yake walijenga nyumba nene ya magogo, kuta zimelala kama paa la banda, ili tufe la mzinga likifika liteleze liende zake. Msonobari kwanza, zaidi ya futi nzima, kisha mwaloni, kisha reli. Reli zililazwa moja uso juu, moja uso chini, zikaumana kama vidole vya mtu anayesali. Wachoraji waliiita mtambo wa vita. Watu wa karakana waliiita Kobe. Tatizo la Kobe lilikuwa haraka. Msonobari uliokatwa Jumatatu ulikuwa ubavu wa meli Ijumaa, utomvu ungali unatiririka, na ubao mbichi ukikauka hujikunja. Waliziba nyufa kwa kalafati asubuhi, jioni zikafunguka tena.

Kisha, mwezi wa kwanza, ikaja barua, na karakana nzima ikaona uso wa Mhandisi Lathrop ukibadilika rangi. Mizinga minne ya Kobe ilikuwa imefika salama njia panda ya Halbert, mwisho wa njia ya Sessoms. Barua ilimwomba atume treni ikaichukue.

"Treni gani?" Lathrop akauliza, akiwatazama watu mmoja mmoja kama vile wameificha.

Mji ule ulikuwa na njia moja tu ya reli, nao walikuwa wameing'oa. Na ubaya zaidi, sajini aliyepewa kazi ile hakuanzia mwisho wa njia arudi nyuma, ili treni yenyewe imbebee chuma. Aliona mbali. Akaanzia hapa mjini, kando ya karakana, maili tano za mwanzo, akabeba kwa mikokoteni na nyumbu aliowanyang'anya wakulima wa wilaya nzima. Maili tano zikatosha. Maili zile nyingine zote zilibaki zimelala mahali pake, safi, zinang'aa, na injini pekee ya kutembea juu yake ilikuwa bandani mjini, upande huu wa pengo.

"Mungu wangu," alisema Lathrop, akakaa juu ya gogo.

Mizinga ikaburutwa na ng'ombe wiki saba. Mmoja ulizama kinamasini na upo huko mpaka leo. Naye Lathrop, alipoona Malkia Esta amekuwa pambo, akaamua asimwache bure. Aling'oa boila yake, aling'oa mitungi yake miwili ya mvuke, akaishusha tumboni mwa Kobe, akaiunganisha kwa magurudumu yenye meno ya kiwanda chake cha mbao ili izungushe mapangaboi mawili chini ya maji. Isham alipoteremshwa kufunga mabomba, aliufungua mlango wa tanuri akaona bonde dogo kwenye ukingo wake wa chini. Lilikuwa bonde lililotengenezwa na koleo lake mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi. Alipigwa na butwaa, akakaa amepiga magoti mbele ya mlango ule kama mtu aliyekutana na jamaa gerezani.

Jioni ile akamfuata Lathrop tena.

"Meli ikishuka, bwana, itapita kwa Sessoms?"

"Mto hauna njia nyingine."

"Naomba kuchochea moto."

Lathrop akamtazama kwa mshangao, maana tumboni mwa Kobe palikuwa kuzimu, na watu walikuwa wakijificha wasipangwe huko. "Wewe ndiye wa kwanza kuomba."

"Huyo amechanganyikiwa, bwana," Bristow akadakia nyuma. "Basi niandikeni na mimi, maana akifia humo nani atanisimulia?"

Isham hakujidanganya kwamba Zilpha yupo. Miezi mitano imepita tangu Jumatatu ile. Alikuwa Texas, au njiani, au kaburini. Isham alitaka tu kukanyaga mlango wa mkewe mara moja. Pengine Zilpha alimwachia mtu neno, jina la mji, jina la mnunuzi, kitu cha kuanzia.

Mwezi wa nne Kobe akasukumwa majini, na akazama zaidi ya michoro ilivyosema kwa futi nzima na ushei. Bendi ikaendelea kupiga kwa kuwa ilikuwa imelipwa. Baada ya siku tatu za pampu wakaanza kushuka mto Teague, na hapo Isham akaona jambo ambalo asingeliamini kwa kusimuliwa. Malkia Esta, aliyekuwa akivuta mabehewa sita kwa raha, hakuweza kumshika Kobe kwenye mkondo. Meli ikielekezwa mbele, mto uliichukua ukaigonganisha na miti. Mwishowe nahodha akaamuru wageuke. Wakateremka kinyumenyume, mkia mbele, minyororo mizito ikiburutwa chini ya mto kutoka puani, mapangaboi yakizunguka kwa nguvu zote kupinga mkondo uleule uliokuwa unawabeba. Meli ya kuitia hofu Marekani nzima ilikwenda vitani matako mbele.

Chini palikuwa hakuna dirisha. Joto lilikuwa la kuivisha mkate, moshi wa kuni mbichi ukirudi ndani, maji ya nyufani yakifika vifundoni. Watu wawili walizimia siku ya kwanza wakatolewa kwa kamba. Isham alichochea na kuhesabu kona za mto kwa jinsi sakafu ilivyoinama, na siku ya nne, alipoijua kona ya gati la Sessoms, kukatokea mkwaruzo mrefu chini ya miguu yao. Kobe akasimama. Mvuke ukapandishwa mpaka sindano ikatetemeka. Meli haikusogea hata kidole. Fungu la mchanga lilikuwa limempokea, na mto ulikuwa unapungua.

"Kuni!" akapiga kelele Lathrop kutoka juu. "Kuni kavu! Shukeni mkabomoe ua, uzio, chochote!"

Wakashuka wanne kwa mashua, shoka begani, pamoja na baharia mmoja mwenye bunduki. Baharia yule viatu vilikuwa vimemwozea, akabaki kwenye mashua. Isham hakwenda kwenye ua. Alikimbia moja kwa moja mpaka kwenye safu ya vibanda, na Bristow nyuma yake.

Madirisha ya nyumba kubwa yalikuwa yamepigiliwa mbao. Vibandani kimya. Kwa Zilpha kitanda hakikuwa na blanketi, chungu hakipo, majivu baridi yamepigwa na mvua ya tundu la paa. Alijua atakuta hivyo, amekwisha kujiambia mara elfu, na bado aliketi palepale chini. Alipapasa ukuta wote kutafuta alama yoyote. Hapakuwa na kitu.

"Kaka," Bristow akasema kwa upole asiokuwa nao kawaida, "tukate kuni twende."

"Kule ni nini?"

Juu ya miti, upande wa stesheni, palikuwa na uzi wa moshi.

Walipofika wakasimama ghafla. Jukwaa zima la stesheni lilikuwa limejaa makasha, mapipa, viti vya mahameli, kioo kirefu kimeegemezwa ukutani. Kwenye kamba zilianikwa shuka za kitani. Bibi kizee mmoja wa vibandani alikuwa amelala kwenye sofa lenye miguu ya dhahabu. Na mbele yao, mwanamke aliyevaa gauni la hariri ya zambarau lililokatwa chini kwa kisu alikuwa anapasua kuni, anapasua kwa nguvu, mgongo kwao.

"Zilpha?" Isham akaita. Akarudia. "Zilpha."

Mwanamke akageuka na shoka juu. Aliliangalia lile zimwi la masizi kwa muda mrefu.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Isham."

"Isham nilimngoja kwenye mti ulioanguka," akasema. "Nilimngoja Jumamosi mpaka kukakucha. Nikajua amekufa, au ameogopa. Sikujua niombe lipi."

"Treni haikuja, Zilpha."

"Haikuja! Unaniambia mimi?" Shoka likaanguka, naye akacheka kicheko cha kutisha, huku machozi yanamtoka. "Jumatatu Sessoms alitupanga hapa wote, watu sabini na makasha yake. Tukangoja. Reli hizo hapo mbele, unaziona, hazina kasoro, zinang'aa. Kila baada ya saa anaweka sikio chini asikilize. Siku nne, Isham! Bibi, mkewe, kalala kwenye sofa hilo na mwavuli. Nani angemwambia? Nyumbu wake wote walikuwa wamechukuliwa na jeshi, na farasi wanne waliobaki hakumwamini mtu yeyote kuwapanda apeleke habari. Siku ya tano akalia kama mtoto. Akachukua farasi wake wanne, akafunga vijana kumi na mmoja kwa kamba, akaondoka nao." Akaonyesha kwa kidole njia waliyoshika. "Lemuel mdogo wangu alikuwa wa tatu kwenye kamba. Sisi wanawake na wazee tukaachiwa msimamizi, naye akatoroka kabla ya Krismasi. Tumekula makasha yake tangu hapo."

Isham alitaka kumshika akaogopa, kana kwamba akimgusa atapotea. Akanyoosha mkono kuelekea mtoni, ambako paa la Kobe lilionekana katikati ya miti, jeusi, limeinama upande.

"Reli ziko kule. Njia yetu iko kule, na Malkia Esta yuko tumboni mwake. Nimezitoboa mimi, Zilpha. Kila tundu nililia."

"Ulilia nini, mwendawazimu wewe?" Akamkamata mashavu kwa mikono yote miwili, masizi na yote. "Hizo ndizo zilizonibakiza. Huelewi? Ningekuwa Texas!"

Hakuelewa. Ilimchukua muda, amesimama pale kinywa wazi, chuma chote kile alichokilaani majira mazima ya baridi kikimgeukia kichwani kipande kwa kipande. Kisha ghafla akaelewa, akapiga yowe, akamkumbatia mkewe mpaka hariri ikachanika bega.

Filimbi ya meli ikalia mara tatu. Mtoni baharia alikuwa anaita kwa matusi.

"Twende zetu sote," Isham akamwambia Bristow. "Pwani si mbali kutoka hapa. Njoo."

"Mama yangu yuko mjini, kaka. Nikikosekana watamuuliza yeye." Bristow alifunga mzigo wa kuni, akaujaribu uzito, akauweka begani. Alimtazama Isham juu mpaka chini. Halafu akavua kofia, akamgeukia Zilpha kwa adabu zote za msibani.

"Pole sana, shemeji. Nasikitika kukuarifu kwamba mumeo amekufa maji asubuhi hii, pale kwenye kona ya mto, nyuma ya miti. Aliteleza. Nimemwona kwa macho yangu, na nitaapa hivyo mbele ya Bwana Mhandisi."

Zilpha alifuta uso kwa mkono wa gauni la bibi yake.

"Bwana alitoa, Bwana ametwaa," akajibu, akamshika marehemu mkono, akamvuta kuelekea kinamasini kabla hajapata akili ya kubisha.